Kwa mnaoanza kukamua na kushauri wafugaji: hofu ya ng'ombe huonekana kwenye ndoo

Ukipangiwa shamba la maziwa kwa mara ya kwanza, lalamiko utakalolisikia mapema ni hili: "Huyu ng'ombe anaficha maziwa." Mwenye shamba atataka umwambie aongeze pumba, mashudu au jiwe la kulamba. Kabla hujaangalia hori, uliza nani anamkamua, na anamwingiaje. Katika kazi yangu ya ugani nimekuta mara nyingi kwamba lishe haina tatizo lolote, tatizo limeshika ndoo.

Ielewe kwanza kemia yake. Maziwa mengi hayakai mahali mkono unapoweza kuyavuta. Kwa ng'ombe kama Friesian, karibu asilimia 20 tu ndiyo yanayokuwa yamekwisha kuteremka sehemu ya chini ya kiwele. Yaliyobaki yako juu, ndani ya vifuko vidogo mno vilivyozungukwa na seli za misuli, na seli hizo hazijibani mpaka zifikiwe na oksitosini. Homoni hii hutengenezwa kwenye ubongo, ikaachiwa damuni na tezi ya pituitari pale chuchu zinapopanguswa, ndama anapoonekana, au hata ng'ombe anaposikia mlio wa ndoo anayolishiwa. Baada ya dakika moja hivi utaona chuchu zimejaa. Sasa kamua, tena usisimame, maana oksitosini hupungua damuni ndani ya dakika chache. Anayeosha kiwele halafu akaenda kupokea simu amejinyima maziwa mwenyewe.

Ng'ombe wetu wa asili wana nafasi ndogo zaidi huko chini ya kiwele, ndiyo sababu wazee hawakamui mpaka ndama aanze kunyonya. Wanuer wa Sudan Kusini, ndama akifa, huijaza ngozi yake majani makavu wakamwekea mama ainuse, naye hushusha maziwa. Hawakuhitaji maabara kujua kwamba pua ya ng'ombe ina njia ya kufika kwenye kiwele.

Hofu huiharibu kazi hiyo yote. Mwaka 1941, watafiti wa Marekani Ely na Petersen waliwashtua ng'ombe kwa kupasua mifuko ya karatasi karibu nao, na maziwa yakagoma kushuka. Adrenalini, homoni ya hofu, hubana mishipa ya damu, kwa hiyo hata oksitosini iliyoachiwa haifiki vizuri kiweleni. Ng'ombe akiwekwa mahali pageni, ubongo wenyewe unaweza kukataa kuiachia. Kumchapa ng'ombe wa namna hiyo "ili atulie" ni kumwongezea adrenalini. Akishapaniki mwache, kamua wengine, umrudie baada ya nusu saa.

Halafu ng'ombe hasahau. Majaribio ya Denmark na Kanada ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba ng'ombe humtofautisha mtu aliyewatesa na aliyewatendea vyema, na rangi ya nguo ni moja ya alama wanazotumia. Aliyewatesa akisimama tu karibu wakati wa kukamua, maziwa yanayobaki kiweleni huongezeka. Kwa hiyo ovaroli uliyovaa siku ya chanjo au ya kukata pembe usiingie nayo kukamua. Ukiweza, anayechoma sindano asiwe mkamuaji. Kwenye shamba la mtu mmoja hilo haliwezekani, basi badili nguo angalau.

Jifunze kusoma uso. Weupe wa jicho ukionekana sana, ana wasiwasi. Masikio yaliyolegea huwa ni dalili ya utulivu. Anayejisaidia na kukanyagakanyaga kila akiguswa kiwele, mchunguze vidonda na ugonjwa wa kiwele kwanza, kisha mchunguze mkamuaji. Usimtokee kwa nyuma kabisa, kwani hapo hakuoni. Pita ubavuni ukiongea, umguse mgongoni kabla ya kushuka chini.

Mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, ndiye anayestahili subira yako kuliko wote. Wiki chache kabla hajazaa, mpitishe sehemu ya kukamulia kila siku, ale pumba kidogo pale, apanguswe mwili. Siku ya kwanza ya kukamuliwa isiwe na kamba ngeni, watu wageni na chumba kigeni kwa mpigo. Mashamba mengi humletea vyote hivyo siku moja, kisha humtangaza mtamba kuwa mkorofi.

Mtaulizwa kama ng'ombe ana hisia kweli. Jaak Panksepp, aliyetumia maisha yake kuchunguza ubongo wa wanyama, alionyesha kwamba mifumo ya hofu, ya kulea na ya kutafuta chakula imo ndani kabisa ya ubongo na mamalia wote wanayo. Anachokihisi ng'ombe kwa undani siwezi kukueleza, ila mzee wa boma anayesema ng'ombe wake ana kinyongo sibishani naye. Kuna pia uchunguzi wa Newcastle, Uingereza, wa 2009, ambapo wafugaji waliowaita ng'ombe kwa majina walitaja maziwa mengi zaidi. Jina lenyewe sidhani lina dawa. Anayempa ng'ombe jina huwa ni mtu asiyepiga.

Sindano ya oksitosini ya kila siku ikataeni. Ina kazi yake mikononi mwa daktari wa mifugo, lakini mwili ukizoea ya kuchomwa, ng'ombe hushusha maziwa kwa shida siku ukiikosa, na wakati huo mkamuaji mwenye fimbo bado yupo.

Kwenye daftari la maziwa, ongeza safu ya jina la aliyekamua, asubuhi na jioni. Lijaze mwezi mzima kabla hujamshauri mtu kununua mashudu.