Usivae Singlendi ya Pamba Chini ya Buletiprufu

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwaka wangu wa kwanza kwenye magari ya kusindikiza fedha, nilirudi nyumbani Tandika saa mbili usiku, nikavua shati, na mke wangu akanyamaza. Kisha akaniambia nisogee kwenye taa nigeuke. Mabegani, pale mikanda ya buletiprufu inapokaa, ngozi ilikuwa imechubuka. Mgongo mzima harara, vipele vidogo vimesimama kama punje za ulezi. Chini ya kwapa la kulia ngozi ilikuwa imetoka kabisa. Singlendi yangu nyeupe ya pamba, ile nene niliyoinunua kwa kuamini kwamba pamba ndiyo kitambaa cha joto, tuliikamua juu ya beseni ikatoa maji kama nguo ya kufua.

Huu ni mwaka wangu wa nane kwenye kazi hii, na mgongo wangu hauna harara tena. Kilichobadilika ni fulana ya ndani. Kazi ni ileile, jua ni lilelile, na buletiprufu yenye bamba zake bado ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Naandika kwa ajili ya walinzi wenzangu, lakini hata wewe wa bodaboda unayevaa jaketi nzito mchana kutwa, au kijana wa bandarini mwenye ovaroli na rifleta, haya yanakuhusu.

Mtu asiyelijua joto la Dar anasoma kwenye simu nyuzi 32, anaona mbona la kawaida. Wakazi tunajua kinachoumiza ni fukuto. Kuanzia Disemba hadi Machi, kipindi cha kaskazi, hewa inakuwa imeshiba maji tangu asubuhi. Jasho linaupoza mwili pale tu linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Lita hiyohiyo ikidondoka chini, umepoteza maji na chumvi na hujapoa. Hewa ikishashiba, jasho linakauka polepole, kwa hiyo mwili unaongeza jasho jingine, nalo linakaa palepale.

Juu ya hilo, vaa buletiprufu. Tabaka zile za Kevlar, kitambaa kigumu cha kuzuia risasi, zimefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na ni kwa sababu ya msingi: Kevlar ikilowa, au ikikaa juani muda mrefu, nguvu yake inapungua. Maana yake kifua na mgongo wako vimefunikwa na kitu ambacho hewa haipiti, mvuke haupiti.

Kwa hiyo naomba tuelewane mapema. Hakuna fulana itakayokupoza chini ya kitu hicho. Anayekuambia fulana yake ni sawa na kukaa kwenye kiyoyozi anakuuzia maneno. Kazi ya fulana nzuri ni kulitoa jasho kwenye ngozi, kulisambaza, na kulipeleka ubavuni na mikononi ambako kuna upepo kidogo wa kulikausha. Ngozi ambayo haijalowa haichubuki upesi, na harara haipati pa kuanzia.

Pamba hapo inashindwa, na inashindwa kwa sababu ya wema wake. Inapenda maji mno. Hata ikiwa kavu, kwenye hali ya kawaida, uzi wa pamba umebeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Ukitoka jasho, pamba inalinywa, inavimba, inakuwa nzito, inakung'ang'ania, na haikauki. Kwa mtu aliyekaa kibarazani jioni na upepo unampiga, pamba ni raha na sitamshauri aiache. Kwa mtu aliyefungwa mikanda kwa muda wa saa nane, ni kitambaa kibichi kinachosugua.

Kuna jambo jingine ambalo sipendi kulisema lakini nalisema. Kampuni niliyoanzia kazi haikuwa na buletiprufu za kutosha kila mtu. Za zamu ya usiku tulizipokea asubuhi, bado zina unyevu na joto la mwili wa mwenzako. Ganda la nje lilifuliwa kwa nadra. Wenzangu wawili walipata choa kifuani, na sina shaka ilitoka huko. Ukiwa kwenye mazingira kama hayo, fulana ya ndani ndiyo ukuta pekee kati ya ngozi yako na jasho la mtu mwingine. Usikubali kuvaa bila fulana hata siku moja, hata kama joto linakushawishi uvae shati tupu. Na iwe yenye mikono. Singlendi inaacha kwapa wazi, na ukingo wa buletiprufu unapita hapohapo kila unapoinua mkono kufungua mlango wa gari.

Sasa ununuzi. Mimi nanunua mitumba, na sababu yangu nitaieleza. Naenda Karume asubuhi, mapema, belo zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, nikiwa na chupa ndogo ya maji mfukoni. Mara moja mazungumzo yalikuwa hivi:

“Afande, draifiti orijino hizi, elfu saba tu.”

“Dogo, naomba niidondoshee maji.”

“Maji tena kaka? Utaniharibia mzigo.”

“Tone moja. Ikifaulu nachukua mbili.”

Akacheka, akaniachia. Niligeuza fulana ya kwanza ndani nje, ile nyeusi inayong'aa aliyokuwa anaisifia, nikaitandaza kwenye kiganja, nikadondosha tone kwa kizibo cha chupa. Tone likakaa juu, duara, linang'aa, kama umande kwenye jani la mgomba. Nikahesabu mpaka kumi, bado lipo. Nikainamisha kiganja, likaviringika likaanguka chini. Nikachukua ya pili, ya kijivu, lebo imefutika haisomeki, hata yeye hakuwa ameitaja. Tone lilipogusa tu likazama. Kwanza doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, halafu likaendelea kutambaa mpaka likafika mzizi wa vidole, na pale lilipoanzia pameanza kuwa pepesi. Hiyo ndiyo niliyoichukua, na nyingine ya aina yake. Nilimlipa elfu tano kila moja.

Ni hivi. Poliesta yenyewe haipendi maji. Kinacholivuta jasho ni njia nyembamba zilizo kati ya nyuzi, jinsi utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa bila mtu kuyasukuma. Kitambaa kilichosokotwa kwa nyuzi nyembamba sana, nyingi, kina njia hizo nyingi. Kile cha bei ya chini chenye nyuzi nene laini hakina, kwa hiyo kiwandani hupakwa dawa ya kukifanya kipokee maji, na dawa hiyo inaisha kadiri unavyofua. Fulana mpya ya dukani inaweza kufaulu mtihani wa tone leo na baada ya miezi mitatu ikawa kama mfuko wa nailoni. Ya mtumba imeshafuliwa na mwenyewe wa kwanza mara nyingi. Ikiwa bado inakunywa tone, uwezo huo uko kwenye uzi wenyewe. Ndiyo sababu yangu ya kwenda Karume.

Jina la draifiti lisikubabaishe. Dri-FIT ni alama ya Nike, lakini sokoni kila fulana inayong'aa inaitwa hivyo. Soma lebo ikiwepo: poliesta yenye spandeksi kidogo, ule uzi unaovutika, ni nzuri, inakaa mwilini bila kukubana. Nailoni nayo ni laini na haichakai upesi. Ukikuta imeandikwa merino usiiache, hata kama ni sufu na unaona sufu ni ya baridi. Ile nyembamba ya merino inavumilia jasho siku nzima bila kunuka, sijapata kitambaa kingine cha namna hiyo. Nimeipata mara moja tu katika miaka yote hii.

Walinzi wengi wanavaa jezi ya zamani ndani, ya Simba au ya Yanga. Siwakatazi, wazo lenyewe ni zuri, jezi ni nguo ya jasho. Angalia tu maandishi. Namba kubwa mgongoni na jina la mdhamini kifuani ni plastiki iliyobandikwa, na chini yake jasho halina pa kwenda. Bamba la buletiprufu linaikandamiza plastiki ile kwenye ngozi, na jioni unakuta umechorwa namba tisa mgongoni kwa harara. Nembo iliyodariziwa nayo ina uzi mgumu upande wa ndani, na inakaa juu ya chuchu. Tafuta fulana tupu isiyo na chochote.

Mshono ni jambo ambalo watu hawaliangalii kabisa, na mimi ndilo naliangalia baada ya maji. Pitisha kidole ndani ya bega. Kama kuna ukingo ulioinuka na mshono wenyewe umepita katikati ya bega, ujue mkanda utalala juu yake kilo zote zile. Fulana nyingi za michezo mshono wake wa mkono unaanzia shingoni na kushuka kwa mshazari hadi kwapani, bega linabaki wazi. Hizo ndizo. Na mshono uwe bapa, ukiupapasa usiuhisi. Lebo ya shingoni ikate yote, ukiacha kisiki cha lebo kitakukwaruza kuliko lebo nzima.

Kwa upana, iguse ngozi kila mahali bila kukukaba pumzi. Ikiwa pana inajikunja chini ya buletiprufu, na kila mkunjo unaacha alama. Iwe ndefu ya kuchomekea, ukikaa kwenye gari na kusimama mara hamsini isipande juu ya mkanda wa suruali. Rangi haina neno, jua halifiki huko.

Kabla sijaenda kwenye kufua, naomba unisikilize hapa hasa. Kama kazi yako ina moto, fundi wa kuchomelea, zimamoto, mpishi wa majiko makubwa, mtu wa jenereta na petroli, usivae poliesta wala nailoni kwenye ngozi. Pamba ikishika moto inaungua na kuwa majivu. Poliesta inayeyuka na kuganda juu ya ngozi. Mwaka 2006 jeshi la Marine la Marekani liliwakataza askari wake waliokuwa Iraki kutoka kambini wakiwa na fulana za aina hii, kwa sababu hiyohiyo: mlipuko ukitokea, kitambaa kinayeyukia kwenye kidonda. Ukitaka kuhakikisha fulana yako ni ya nini, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la chini, uushike kwa kibanio, uuchome kwa kiberiti nje ya nyumba. Ukinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukijikunja, ukatoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu, ni poliesta. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea Gerezani. Yeye namnunulia pamba nyembamba, tatu kwa mkupuo, abadilishe kila inapoloa.

Kufua ni kwepesi ila kuna makosa yanayoua fulana nzuri. La kwanza ni vile vilainishi vya nguo vyenye manukato. Vinaacha utando juu ya nyuzi, njia zinaziba, na fulana inaacha kunywa jasho. La pili ni jiki, inakula spandeksi na kifua kinalegea. Tumia maji ya kawaida na sabuni kidogo, igeuze ndani nje, suuza mpaka maji yawe meupe. Poliesta ina aibu moja, inashika harufu ya kikwapa kuliko pamba. Harufu ikianza, changanya siki nusu kikombe kwenye nusu ndoo ya maji, iloweke nusu saa, ndipo ufue. Usiipige pasi ya moto. Ukiikamua vizuri na kuianika mbele ya feni usiku, asubuhi unavaa, hata wakati wa masika ambapo pamba ya siku mbili inaanza kunuka uvundo kambani.

Buletiprufu yenyewe, vua ganda ufue ganda peke yake. Zile tabaka za ndani zifute kwa kitambaa chenye unyevu tu na uzilaze kivulini. Nimeona watu wanazianika juani juu ya boneti ya gari. Ukimwona mwenzako anafanya hivyo mwambie, ni maisha yake.

Nina fulana nne. Mbili naenda nazo kazini, moja mwilini, moja kwenye begi. Saa saba mchana, tukipata robo saa ya chakula, naingia chooni, najifuta kwa kitambaa kikavu, nabadilisha, nakunywa maji nusu lita taratibu. Dada mmoja niliyekuwa naye zamu moja alikuwa ananishangaa kwa hilo, mpaka siku aliyopata kizunguzungu akikaribia kuanguka pale Kariakoo, jasho limemkauka usoni na anajibu maswali nje ya maswali. Tulimvua kila kitu cha juu, tukammwagia maji shingoni na kwapani, tukampeleka hospitali. Alipona. Sasa naye anabeba mbili.

Ile ya kijivu ya kwanza kabisa, mwaka wa nne huu, juzi niliidondoshea tone kabla ya kuifua. Likakaa kidogo juu, kama linafikiria, ndipo likazama. Jumamosi naenda Karume.