Wasio wazungu walikuwepo, ila mapenzi yao yalikatwa njiani

Umeuliza kama sinema bubu za mapenzi zilikuwa za wazungu watupu. Hapana. Sessue Hayakawa, Mjapani, alikuwa nyota mkubwa Marekani baada ya The Cheat (1915). Shida ni nafasi alizopewa: humo anamkopesha fedha mwanamke wa kizungu, kisha anampiga chapa ya moto begani kama ng'ombe. Wajapani waishio Marekani wakalalamika, na filamu ilipotolewa tena 1918 mhusika akageuzwa Mburma. Eti tatizo limekwisha! Hayakawa akaanzisha kampuni yake, na katika The Dragon Painter (1919) mpenzi wake ni Tsuru Aoki, mkewe hasa.

Ukipata muda wa filamu moja tu, tazama The Toll of the Sea (1922). Anna May Wong, mwigizaji Mmarekani mwenye asili ya Kichina, alikuwa na miaka 17. Anamwokoa Mmarekani ufukweni, anazaa naye, jamaa anaondoka na kurudi na mke mzungu. Binti anamkabidhi huyo mke mwanawe, kisha anajitosa baharini. Mwangalie uso pale anapomwachia mtoto. Huhitaji maandishi ya kwenye skrini. Ndivyo ilivyokuwa mara nyingi: Mwasia akimpenda mzungu, mmoja lazima afe. Na kuna Broken Blossoms (1919), ambapo Mchina ameigizwa na mzungu, Richard Barthelmess.

Kwa upande wa Waafrika-Wamarekani, anza na Within Our Gates (1920) ya Oscar Micheaux, mwongozaji mweusi. Ile ni yao wenyewe, nyuma na mbele ya kamera.