Kabla hujamfungulia moyo, muulize katokea wapi na anatibu vipi

Tangu niliposimulia ile ajali yangu, meseji ninazopata ni za aina moja, "dada naomba namba ya therapisti wako". Nawaelewa kabisa maana na mimi nilianza hivyo hivyo, nachukua namba kwa mtu, napiga, naenda. Ila namba iliyonisaidia mimi inaweza isikusaidie wewe chochote, na kabla sijakupa nataka ujue nilivyozunguka miezi 7 hapa Dar kwa watu watatu, wote wanaitwa washauri, wote wana feni na boksi la tishu mezani, na kazi wanayofanya haifanani hata kidogo.

Nilikuwa kwenye daladala, nimekaa siti ya mbele pembeni ya dereva, asubuhi, barabara ya Morogoro, tumeikaribia Kimara. Bodaboda akaingia mbele yetu. Naishia hapo kwasababu najua kuna wanaosoma hapa wamepoteza watu barabarani. Mimi nilitoka na mkwaruzo mkononi tu, na wiki ya kwanza nikalala vizuri mpaka nikashangaa, afu ndo ikaanza, honi ikipigwa moyo unaenda mbio, usiku nasikia ile breki, nikifika kituoni miguu inagoma kupanda gari. Nikawa natoka nyumbani saa 10 alfajiri natembea mpaka kazini Shekilango, jioni narudi kwa miguu. Majirani wakawa wananisifia mazoezi.

Mtu wa kwanza nilipelekwa na rafiki yake mama. Mzee wa heshima, mshauri wa siku nyingi, alinisikiliza kama dakika 10 afu akaongea yeye muda wote uliobaki. Akaniambia nimshukuru Mungu, wangapi hawakupona. Jamani namshukuru kila siku, nilikuwa namshukuru hata nikiwa natembea gizani pale Ubungo, ila miguu bado ilikuwa inagoma, nikatoka pale na mzigo mpya kwamba labda mimi sina shukrani. Baadaye ndo nikajua yule mzee kasomea ushauri wa ndoa, na kwa ndoa watu wanamsifu kweli, kapatanisha wengi. Hakunidanganya, mimi sikumuuliza. Kilichoniumiza ni kingine, wiki iliyofuata yule mama aliyenipeleka alikuwa anajua mpaka kwamba nalia usiku. Hilo sikulisema kwa mtu mwingine yeyote. Kwahiyo swali la siri liulize mlangoni kabisa, kabla hujakaa, na mtu anayejua kazi atakujibu bila kukasirika, tena atakutajia na pale ambapo siri ina mwisho, kwamba akiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini itabidi awahusishe wengine.

Wa pili alikuwa mwanasaikolojia wa digrii, dada mpole sana. Yeye alitaka kujua utoto wangu, baba alikuwaje, nani alinifariji nikilia nikiwa mdogo. Hii njia ina mizizi yake kwa Freud kule Vienna, kwamba mambo ya zamani uliyoyafukia ndo yanayokusukuma leo, na sio njia mbaya, mdogo wangu wa kike yuko kwa huyu huyu dada mwaka wa pili sasa, alikuwa na kinyongo na marehemu baba ambacho hakuna mtu nyumbani alithubutu kukigusa, na mimi kwa macho yangu nimeona anavyobadilika. Lakini mimi shida yangu ilikuwa na tarehe, saa na mahali. Sesheni ya tano nikamwambia dada samahani, bado natembea kwa miguu. Hakuniona mkorofi, aliinamisha kichwa kidogo akasema hii yako inataka mtu wa njia nyingine, akachukua karatasi akaniandikia jina. Mpaka leo namheshimu kwa ile karatasi. Mshauri anayekubali kukupeleka kwa mwenzake ni mtu wa kumshika.

Huyo wa tatu ndo mnamuulizia. Ni mama wa makamo, nesi wa zamani, alifanya kazi miaka mingi wodi ya majeruhi kabla hajarudi shule kusomea saikolojia ya tiba. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu karibu ukae, na kabla hajaniuliza chochote akajieleza yeye. Kasoma nini, katokea wapi, kwamba anatumia tiba ya fikra na tabia, ile wanayoiita CBT, kwamba itachukua kama sesheni 12 na katikati tutaangalia pamoja kama inafanya kazi, kwamba nitapewa kazi za nyumbani, kwamba yeye haandiki dawa na akiona nahitaji atanipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, ambaye ni daktari kamili aliyesomea udaktari kwanza afu akabobea huko. Dakika 15 hivi. Nilianza kulia kabla hata hajafika kwenye maswali, kwasababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kunionyesha njia tunayoenda kupita.

Na ule unesi wake ulifanya kazi ambayo cheti peke yake kisingefanya. Nilipofika kwenye yale niliyoyaona barabarani hakukunja uso, hakusema pole haraka haraka ili ninyamaze. Alishayaona. Nikaweza kumaliza sentensi.

Alivyonieleza, mwili wangu ulijifunza siku moja kwamba gari ni kifo, na kila nikikwepa gari napata nafuu ya muda huo huo, sasa ile nafuu ndo inayoilisha hofu inanenepa. Dawa yake ni kuisogelea kidogo kidogo mpaka mwili ujifunze upya. Aliyeifanya hii iwe tiba yenye hatua ni mtu wa Afrika, Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, daktari wa jeshi wakati wa vita kuu ya pili, aliyekuwa anatibu askari waliorudi na hofu zisizoisha, kuwapa dawa ili waongee hakukuwaponya, akaanza kutafuta njia nyingine na mwaka 1958 akatoa kitabu chake. Hata namba ambazo huyu mama anatumia kupima hofu, 0 umetulia kabisa mpaka 100 hofu ya mwisho, zimetoka kwake.

Tukatengeneza ngazi yangu kwenye daftari la mraba, yaani orodha ya vitu ninavyoviogopa kuanzia kidogo mpaka kikubwa, kila kimoja na namba yake. Kusimama kituoni bila kupanda, 40. Basi la mwendokasi kituo kimoja tu, Kimara mpaka Korogwe, 55, kwasababu ile ina njia yake bodaboda haitakiwi kuingia. Daladala siti ya nyuma, 75. Siti ya mbele nikaandika 100 na mkono unatetemeka. Siku ya kwanza alikuja na mimi mpaka kituoni, tukasimama, makonda wanaita Mbezi Mbezi Mbezi, honi kila upande, na yeye kila baada ya dakika chache ananiuliza namba ngapi mwanangu. 70. 70. 65. Nilitaka kukimbia, akaniambia bado, subiri ishuke ikiwa hapa hapa. Baada ya kama dakika 25 nikasema 35 na sikuamini mdomo wangu. Hofu ilishuka yenyewe, gari zikiwa zinapita. Lakini usijaribu haya peke yako kwasababu umesoma hapa, ukiondoka hofu ikiwa juu kabisa unaweza kujifundisha kinyume chake.

Sasa sio kila mtu anataka ngazi na daftari. Kuna wanaofuata njia ya Carl Rogers wa Marekani, ambaye alisomea dini kabla hajahamia saikolojia, hawa hawakupi maelekezo, wanakusikiliza bila kukuhukumu mpaka wewe mwenyewe ujisikie unachosema, na kwa mtu ambaye maisha yake yote anaamuliwa na wengine hiyo inaweza kuwa ndo tiba. Kwa waliopata kiwewe kama mimi ipo pia EMDR ya Francine Shapiro, unakumbuka tukio huku macho yanafuata kidole kinachoenda huku na huku, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilizipendekeza zote mbili, hiyo na CBT inayolenga kiwewe.

Kuna kitu naombeni tuwe makini nacho. Siku hizi wapo wanaojiita washauri kwasababu tu wamepitia. Kupitia kuna thamani kubwa sana, Marsha Linehan aliyetengeneza tiba ya kuwasaidia watu wanaojiumiza alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa binti mdogo. Lakini Linehan kapitia na kasoma, kaipima tiba yake miaka na miaka. Mtu akikwambia nimepitia, mwambie pole, afu muulize kasomea wapi na nani anamsimamia. Hapa kwetu Chuo cha Muhimbili wanafundisha saikolojia ya tiba ngazi ya uzamili, na hospitali ya Muhimbili ina idara ya afya ya akili, kwahiyo wenye elimu hiyo wapo.

Wala sisemi digrii ndo kila kitu. Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kufundisha bibi wa mtaani wakae na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wanasaidia wenye kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, yaani kile sisi tunaita mawazo. Bibi wale wana mafunzo na wana msimamizi, ndo tofauti.

Ukiona baada ya sesheni tatu nne hujui mnaelekea wapi, sema. Bei pia uliza kwenye simu kabla hujapanda gari, zinatofautiana sana, na ukishindwa mwambie ukweli, mimi huyu mama alikubali tuonane kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki.

Ile 100 yangu niliipanda mwezi uliopita. Daladala ya Mbezi, saa 12 na nusu asubuhi, dereva kanisogezea begi lake nikae. Tulipofika pale pale nikashika dashibodi kwa mikono miwili, nikapumua kama nilivyofundishwa, na tulipopita Ubungo nikamtumia yule mama meseji, namba tu, 45. Akajibu "usishuke mwanangu, subiri". Tulipokaribia Shekilango nikamtumia nyingine, 20.