Ukurasa wa maktaba umepooza

Swali: Mimi ni mkutubi. Kila wiki naweka picha za majalada ya vitabu vipya kwenye ukurasa wetu wa Facebook, lakini hakuna anayejibu. Nakosea wapi?

Jibu: Mkutubi mwenzangu, jalada tupu halimwiti mtu. Weka aya moja tamu, ikatize pale panaponoga. Mwaka 2018 Maktaba ya Umma ya New York ilianza kuweka hadithi nzima nzima Instagram, watu wakasoma simuni. Halafu waulize wanatafuta kitabu gani hawakipati. Wakiuliza saa za kufungua, wajibu siku hiyohiyo. Ukurasa bubu afadhali ufungwe. Ila jina la msomaji na kitabu alichoazima usivianike hadharani, hata kwa kumpongeza. Wasio na bando je? Tangazo hilohilo libandike mlangoni.