Kuwafundisha watoto wadogo kuyeyuka na kuganda: barafu peke yake haitoshi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba watoto wako wa miaka mitano na sita waliitazama barafu ikiyeyuka, wakajibu maswali yote vizuri, kisha kesho yake wakasema kuwa sukari iliyokorogwa kwenye maji nayo imeyeyuka vilevile kama barafu, na kwamba hakuna kitu kinachoweza kuganda nje ya friza. Umeuliza ulikosea wapi. Nimefundisha madarasa ya awali kwa miaka mingi, na majibu hayo nimeyasikia karibu kila mwaka, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu. Kwa maoni yangu hukukosea katika ulichofanya. Kilichokosekana ni kitu cha pili cha kulinganisha na barafu.

Mtoto aliyeonyeshwa barafu peke yake hujifunza habari za barafu, si habari za kuyeyuka. Barafu ni baridi, hutoka kwenye friza, na ikiyeyuka huwa maji. Mambo hayo matatu humfikia yakiwa yamefungamana, naye hana namna ya kujua lipi ndilo linalohusika, basi huyabeba yote. Ndiyo maana ukimwuliza kuganda ni nini, atakuambia ni kuwa baridi sana. Baada ya kulihangaikia jambo hili kwa muda mrefu, nilianza kutumia nta ya mshumaa pamoja na barafu, na tangu hapo sijawahi kuiacha.

Huweka vipande vya nta nyeupe ndani ya kopo dogo la bati, nikalisimamisha kopo hilo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, mahali ambapo watoto wanaona lakini hawafikii. Kazi hii ni ya mtu mzima, na nta isiwekwe juu ya moto moja kwa moja, kwa sababu ikipata joto kupita kiasi mvuke wake unaweza kushika moto. Vipande hulegea kwanza kwenye kingo, halafu hulala, na mwishowe ile nta nyeupe hugeuka kimiminika angavu unachoweza kukidhania kuwa maji. Hapo humimina kiasi cha kijiko kimoja kwenye sahani, na tunakaa kimya kuitazama. Ukingo huanza kufifia, weupe hutambaa polepole kuelekea katikati, utando hujifunga juu, na baada ya dakika chache sahani ina kipande kigumu. Huigusa mwenyewe kwanza, kisha huwaruhusu watoto mmoja mmoja. Mwaka fulani mtoto mmoja wa kike aliweka kidole chake akakiacha palepale, akanitazama, akasema, "Mwalimu, imeganda lakini ina joto." Wenzake wote walisogea wahakikishe.

Hilo ndilo jambo ambalo barafu haiwezi kumwonyesha mtoto. Kila kitu kinachoyeyuka na kuganda kina kiwango chake cha joto cha kufanya hivyo: maji safi ni nyuzi 0 za sentigredi, nta ya mishumaa kwa kawaida ni hamsini na kitu hadi sitini na kitu, na chuma ni takribani 1,538. Tarakimu hizi ni zako wewe mwalimu, si za mtoto wa miaka mitano. Yeye inamtosha kujua kwamba kuganda ni kimiminika kugeuka kuwa yabisi kinapopoteza joto, hata kama bado kina uvuguvugu mkononi.

Kuhusu sukari, kwanza tukiri kwamba lugha yetu yenyewe inachangia. Sisi husema barafu imeyeyuka, na husema pia sukari imeyeyuka kwenye maji, na mtoto anayerudia maneno hayo hajakosea Kiswahili. Sikumbuki mafanikio yoyote niliyoyapata kwa kumsahihisha kwa maneno. Kilichosaidia ni sahani mbili zilizowekwa mezani tangu asubuhi, moja ikiwa na kipande cha barafu na nyingine ikiwa na donge la sukari, bila kuongezewa chochote. Barafu huwa dimbwi, donge la sukari hubaki donge. Baadaye naleta maji, sukari inapotea, ndipo nauliza: nani alihitaji msaada wa maji, na nani hakuhitaji? Baada ya hapo huwapa neno kumumunyika kwa ajili ya sukari, ambalo hulipokea upesi kwa kuwa wote wamewahi kumumunya peremende. Ukitaka kuendelea, tumia chumvi: iache kwenye maji ndani ya sahani pana hadi maji yakauke, nao wataiona imerudi.

Jambo la unga na mchanga litakuja tu, maana mtoto akiona unga unamiminika atasema ni kimiminika, na ana sababu nzuri ya kusema hivyo. Mpe kioo cha kukuzia aangalie chembe moja ya mchanga. Ikihamishwa kutoka kikombe hadi kingine, chembe hiyo haibadilishi umbo lake. Usikae sana hapo. Vilevile usisumbuke mtoto akidai kwamba maji yameongezeka kwa sababu tu umeyahamishia kwenye glasi nyembamba na ndefu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilichunguza jambo hilo, na akaona kwamba watoto wengi hawalielewi mpaka wafikie umri wa miaka saba hivi.

Jaribio jingine ninalolipenda ni la kufunika vipande viwili vya barafu vinavyolingana, kimoja kwa kitambaa kizito cha sufu, kingine kikiachwa wazi. Kabla ya kuanza, kila mtoto aseme kipi kitaisha kwanza. Karibu wote husema kilichofunikwa, kwa kuwa blanketi huleta joto. Tunapofunua na kukuta kilichofunikwa bado ni kikubwa, mabishano huwa makali, nami huyaacha yaendelee kwa muda kabla ya kueleza kuwa kitambaa hakitoi joto, bali huchelewesha joto la chumba kuifikia barafu.

Kwa usalama, barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza ikae dakika chache kabla ya kushikwa, kwani inaweza kunata kwenye ngozi yenye unyevu. Ukitaka kuwaonyesha kwamba maji hutanuka yanapoganda, kwa kiasi cha takribani asilimia 9, tumia chupa ya plastiki, wala usitumie ya kioo.

Mwisho, usitupe ile nta. Watoto watakuuliza kama mti nao unayeyuka, na jibu lipo mkononi mwako: mti ukipata joto kali huungua ukawa majivu na moshi, wala haurudi kuwa mti, lakini nta ya jana unaweza kuiyeyusha leo na ikaganda tena mbele yao. Kipande kimoja nilikiyeyusha mara sita katika wiki moja, kwa sababu kila asubuhi walikuwa wakiniomba nikirudie.