Nimepandikizwa kiinitete: je, nisisujudu?

Swali: Sheikh, mimi ni wa Langoni, Lamu. Jana nimerudi kutoka Mombasa nilikopandikizwa kiinitete cha siku ya 5, yaani yai langu lililorutubishwa maabara kwa mbegu za mume wangu. Mama mkwe asema nilale chali siku 14 na niswali kwa ishara, nikisujudu kitadondoka. Tena dawa ninayoweka ukeni yavuja kutwa. Nifanyeje?

Jibu: Mola akujaalie, mwanangu, kungoja mtoto ni kuzito. Uhalali wa tiba siurudii, maadamu yai ni lako, mbegu ni za mumeo na tumbo ni lako. Linalonikera ni hilo la sujudi.

Kizazi si mtungi ukiinamishwa maji yamwagika. Kuta zake zimegusana, zina ute, na kiinitete hakifiki milimita moja: ni chembe ya mchanga kati ya viganja viwili vilivyopakwa samli. Daktari hupitisha mpira mwembamba mlangoni mwa kizazi akitazama ultrasaundi, akakiacha sentimita 1 hadi 2 chini ya dari, kisha mpira hukaguliwa kwa hadubini kisije kikawa kimebaki humo. Kinachoharibu ni ncha kugusa dari kizazi kikajikaza, damu au ute kuiziba, au kiinitete chenyewe kuwa na kasoro, na kasoro huzidi umri wa mama ukipanda. Paji la uso kugusa mswala halimo. Kama kuinama kungekitoa, barabara ya Mombasa na boti ya Mokowe ya kuvukia Lamu zingetangulia! Na huko kulala siku nyingi hakujaonekana kuongeza mimba.

Sahaba Imran bin Huswayn aliruhusiwa na Mtume kuswali ameketi, kisha kwa ubavu, *asipoweza*. Wewe waweza. Ila tumbo likivimba na kuuma, au daktari wako akikukataza kwa sababu yako mahususi, hapo ruhusa ipo.

Dawa usiiache wala usibadili saa zake. Kwetu Mashafi, kitokacho tupu ya mbele chatengua udhu. Basi wakati ukiingia jisafishe, vaa pedi, tawadha, uswali papo hapo. Kikivuja ndani ya swala, endelea. Kila faradhi na udhu wake. Matone ya damu yasiyofikia muda wa usiku na mchana mmoja si hedhi: swali, na dawa iendelee mpaka kipimo cha damu, siku aliyokuandikia daktari. Vipimo vya mkojo vya kabla ya hapo vitakutia wasiwasi bure.

Mama mkwe usimjibu. Mumeo ndiye amweleze, kwa upole. Naye amngoja mjukuu. Akitaka kukupikia na kukubebea ndoo, mwachie.