Maganda ya machungwa ya chokoleti: maji kwanza, sukari baadaye

Mara ya kwanza nilipotengeneza maganda ya machungwa ya kuchovya kwenye chokoleti, yaliniharibikia kabla hata chokoleti haijayeyuka. Nilikuwa nimeyakata vizuri, nikayachemsha mara moja haraka haraka, nikayamwagia sukari. Kwenye shira yaling'aa mpaka nikafurahi. Nilipotia moja mdomoni, lilikuwa gumu kama kipande cha mkanda. Nikarudisha sufuria motoni, nikaongeza saa nzima. Hayakulainika hata kidogo. Shira ilizidi kuwa nzito na maganda yakazidi kukakamaa.

Nimeyatengeneza mara nyingi tangu siku hiyo, na kama ningeruhusiwa kukuambia neno moja tu, lingekuwa hili: ganda likishaingia sukari halilainiki tena. Ulaini wote unaoutaka uupate kwenye maji matupu. Sukari hulikaza ganda katika hali ile ile iliyolikuta nayo.

Chagua machungwa yenye ganda nene. Balungi nalo ni zuri sana, na mimi nalipenda kuliko chungwa kwa sababu uchungu wake unaelewana na chokoleti nyeusi. Limau linafaa. Chenza na ndimu ningeziacha, maganda yake ni membamba mno, yanachanika au yanakauka. Matunda mengi ya kununua hupakwa nta ili yasinyauke, kwa hiyo yasugue kwa brashi na maji ya moto, maana safari hii unachokula ni ganda lenyewe.

Kata ncha mbili za chungwa, kisha chora kwa kisu mistari minne kutoka juu hadi chini bila kuifikia nyama ya ndani. Ingiza kidole gumba ubandue robo robo. Kila robo ikate vipande virefu vya upana wa nusu sentimita au zaidi kidogo. Vikiwa vyembamba mno vitajikunja kama nyuzi na havitashika chokoleti sawasawa.

Hapa ndipo watu wengi huchukua kisu na kukwangua ile sehemu nyeupe yote. Nakusihi usifanye hivyo. Ni kweli uchungu mwingi umekaa humo, lakini hiyo ndiyo sifongo itakayonyonya shira. Ukiiondoa unabaki na ngozi ya rangi ambayo haina pa kuuweka utamu. Kama imezidi unene, punguza kidogo tu. Manukato yako kwenye sehemu ya rangi, ndani ya vifuko vidogo vidogo vya mafuta ambavyo unaviona kama vitone. Likunje ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa uone mafuta hayo yanavyoruka na kuwaka cheche.

Sasa maji. Tia maganda kwenye sufuria, yafunike kwa maji baridi, yaache yachemke polepole, yakishachemka yahesabie dakika 5, kisha mwaga maji yote. Rudia kwa maji mapya. Machungwa nayachemsha mara 3, balungi mara 4 au hata 5. Uchungu wa balungi hutokana hasa na kitu kiitwacho naringini, ambacho huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji ya moto kuliko ya baridi, na ndiyo maana kuloweka peke yake hakutoshi. Lakini usipitilize. Kila maji unayomwaga yanaondoka na uchungu pamoja na sehemu ya manukato. Onja kipande baada ya kila maji; ukiona uchungu umebaki nyuma ya ulimi tu, acha.

Maji ya mwisho usiyamwage haraka. Punguza moto uyaache maganda yaendelee kwa dakika 15 hadi 20, mpaka yalainike kabisa. Kipimo changu ni vidole: natoa kipande, nakiacha kipoe, nakibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Sehemu nyeupe inatakiwa ibonyee yote bila ubishi, na ukucha upite kwenye ngozi ya juu kwa urahisi. Kama ukucha unakwama, rudisha motoni. Dakika 10 unazoziongeza hapa hutazipata tena mahali pengine popote.

Kwa maganda ya machungwa 4 natumia sukari gramu 400 na maji mililita 400. Sukari ikishayeyuka yote, natia maganda pamoja na kijiko kimoja cha maji ya limau. Ukali huo huigawa sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haugandi chenga kirahisi. Moto uwe mdogo kabisa, shira itoe vipovu vichache tu pembeni mwa sufuria. Usikoroge kwa mwiko; tikisa sufuria kwa mzunguko ukiona haja, kwa sababu kukoroga huamsha chenga za sukari. Na usianze na shira nzito kwa kutaka kuokoa muda. Shira nzito huvuta maji kutoka kwenye ganda upesi kuliko sukari inavyoweza kuingia, nalo hujikunyata.

Baada ya saa moja hivi, wakati mwingine saa moja na nusu, ule weupe unatoweka. Inua kipande kwa uma ukielekeze kwenye mwanga: kinapitisha nuru kama kioo cha rangi. Hapo nazima moto na kuyaacha maganda ndani ya shira hiyo hiyo usiku kucha. Si lazima, lakini tofauti ya asubuhi inaonekana kwa macho, yanakuwa yamejaa na kunenepa. Pasha shira kidogo iwe nyepesi, yatoe, yapange juu ya wavu wa waya yasigusane.

Yakauke saa 24, na hewa ikiwa na unyevu siku mbili. Yanatakiwa yanate kidogo sana kwenye kidole bila kuacha shira. Usiyavingirishe kwenye sukari kama unataka kuyachovya, chenga zitaizuia chokoleti isishike.

Chokoleti ninayoipenda kwa kazi hii ni nyeusi, ya kakao asilimia 60 hadi 70. Chukua gramu 200 uikatekate. Theluthi mbili ziyeyushe kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, isizidi nyuzijoto 50. Ondoa bakuli, futa chini yake, kisha ongeza theluthi iliyobaki kidogo kidogo ukikoroga mpaka ishuke hadi nyuzijoto 31 au 32. Sababu ya usumbufu huu ni mafuta ya kakao. Yana namna 6 za kuganda, na moja tu ndiyo inayoipa chokoleti mng'ao na ule mlio wa kuvunjika. Vipande vile ambavyo havijayeyuka vinawafundisha wenzao kuganda kwa namna hiyo. Jaribu kwa kuchovya ncha ya kisu: baada ya dakika 5 iwe imekauka na inang'aa. Ikiwa bado ina unyevu au ina michirizi ya kijivu, endelea kukoroga.

Jihadhari na maji. Tone moja kutoka kwenye mvuke linatosha kuifanya chokoleti yote ishikane kama udongo mzito, na ndiyo maana nasisitiza maganda yawe makavu. Shika kila kipande ncha moja, chovya theluthi mbili zake, kung'uta, futia upande mmoja kwenye ukingo wa bakuli, laza kwenye karatasi ya kuokea.

Yaache yagande mahali pa ubaridi, lakini si kwenye friji. Ukiyatoa friji, unyevu wa hewa hutua juu yake, huyeyusha sukari iliyo usoni, na ukikauka huacha ukungu mweupe wenye mikwaruzo. Kwenye chombo kinachofunga vizuri, kila tabaka likitenganishwa kwa karatasi, hukaa wiki 3 bila shida.

Shira iliyobaki usiimwage. Ichuje uiweke kwenye chupa kwenye friji. Mimi naitia kwenye chai, na keki ikitoka ovenini ingali moto naitoboa toboa kwa kijiti na kuimwagia vijiko vichache, inanywa yote papo hapo.